Ushuhuda wa Sidi na Ile Aya ya Nne

Mliponiaga mlinikatia keki, mkanifunga leso mpya kiunoni, na dada wa mapokezi akasema niwaandikie kumbukumbu zangu "za kututia moyo." Sina moyo wa kuwatia. Nina hasira, nimestaafu nayo kama wenzangu wanavyostaafu na maumivu ya mgongo. Lakini mmeomba niandike, na kuandika ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, basi someni. Mambo ya vyeo sitayataja. Nilikuja karani na nimeondoka karani.

Siku yangu ya kwanza ofisi yetu hii ya msaada wa sheria ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la dawa, hapa hapa Mjambere, na mlango ulikuwa haufungi mpaka uunyanyue kwa mikono miwili. Karani mkuu alikuwa Bi Mwanajuma, mwenyeji wa Kisauni tangu enzi za mababu zake, buibui lake limepigwa pasi na ulimi wake haujapigwa. Aliniketisha mbele ya mashine ya taipu na kunipa kazi ya kupiga hati ya kiapo ya mama mmoja wa Mwakirunge aliyekuwa akidai matunzo ya watoto. Niliipiga safi, bila kosa hata moja, pamoja na nakala mbili za kaboni. Mama akatia sahihi. Nikampelekea Bi Mwanajuma huku nikijisifu moyoni.

"Umemsomea?" akaniuliza.

"Ameshatia sahihi, Bi."

"Sikukuuliza sahihi miye. Msomee. Kisha naye akwambie, kwa maneno yake, hii karatasi yasema nini. Akishindwa kukwambia, basi karatasi si yake, ni yako wewe."

Nikarudi nikamsomea. Nilipofika pale panaposema mumewe alimfukuza, yule mama akaniinulia macho. "Sikufukuzwa," akasema. "Niliondoka mwenyewe." Mimi ndiye niliyeandika amefukuzwa, kwa sababu hati tatu nilizopewa kuzitazama asubuhi ile zote zilisema mke amefukuzwa. Bi Mwanajuma aliichana karatasi na kaboni zake mbele yangu, akanipa nyingine tupu. Kaboni wakati huo hazikuwa za kuchezea, kwa hiyo nilielewa kwamba jambo lenyewe ni zito.

Miaka ikaenda. Mashamba, matunzo, wafanyakazi wa hoteli za Shanzu waliofukuzwa msimu wa wageni ulipoisha, mirathi ya nyumba za udongo zenye wake watatu. Mashine ya taipu ikatoka, kompyuta ikaingia. Bi Mwanajuma akastaafu. Halafu kila mtu akawa na simu yenye kamera, na watu wakaanza kuja ofisini wakiwa hawana karatasi yoyote mkononi, ila video.

Wa kwanza alikuwa mpiga picha za arusi wa Shanzu. Kampuni moja ya kuuza mapazia ilikuwa imechukua video yake ya arusi na kuifanya tangazo. Huyo alikuwa rahisi. Yeye ndiye aliyeshika kamera, yeye ndiye mwenye hakimiliki. Nikamtengenezea hati ya aya nne: yeye ni nani, video ni yake, imechukuliwa bila ruhusa yake, na ya nne, kwamba wote wanaoonekana ndani ya video walirekodiwa kwa hiari yao. Hiyo ya nne aliitaka yeye, maana bibi na bwana arusi walikuwa wamekubali na alitaka ijulikane hivyo. Tukajaza malalamiko kwenye fomu ya mtandao, tukaambatisha hati, na tangazo likaondolewa siku ya tatu. Nikaihifadhi hati ile kwenye kompyuta ili niitumie tena kama mfano.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo linanichoma mpaka leo. Ukilalamika kwamba video ni mali yako, wenye mitandao wanakimbia kuiondoa. Ukilalamika kwamba video ni uso wako, ni kilio chako, ni mwili wako, wanakuuliza maswali. Wanataka kitambulisho. Wanataka ueleze kwa nini umeumia. Wanakujibu baada ya majuma kwamba wamelitazama suala lako na hawajaona ukiukaji. Aliyeshika simu ana haki nzima, anayelia mbele ya simu ana fomu ya kujaza. Nani alikaa akaona huu ndio uungwana?

Tukatafuta njia ya mkato. Kijana wa machimbo ya mawe ya Mwakirunge aliangukiwa na ukuta wa mawe, wakamrekodi akiwa nusu uchi anamwita mamake. Tukamtafuta mwenzake aliyerekodi, akaja kichwa chini, akatia sahihi kwamba video ni yake na haitaki tena mitandaoni. Ikaondoka kabla kijana hajatoka hospitalini. Ofisi nzima tulipiga makofi. Tangu siku hiyo, kila aliyekuja na kisa cha video, sikuuliza kwanza ameumia vipi. Niliuliza nani aliyerekodi. Na hati ya mfano ilikuwa tayari, unabadilisha majina tu.

Sasa niwaeleze kuhusu Sidi. Jina hilo si lake, na la bintiye nimelibadilisha pia. Haya yote nimewasomea wao wawili kabla ya kuwapa nyinyi, na wamenirudishia kwa maneno yao.

Sidi anasafisha vyumba katika hoteli moja ya Shanzu. Alikuja ofisini moja kwa moja kutoka zamu, bado ana sare ya kazi, viatu amevishika mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Keti."

Hakuketi. Alinipa simu yake, akageuka akatazama ukuta.

Ilikuwa video ya kanisa moja dogo la mabati la hapa Mjambere. Sidi alikuwa na kichwa kilichomuuma miaka mingi, hospitali zimeshindwa, akaenda kwenye maombi ya ukombozi. Kwenye maombi hayo mchungaji humwambia mgonjwa ataje mzizi wa taabu yake ili ung'olewe. Ndiyo desturi yao, na kwa wengi inasaidia, mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa na sitaidharau. Mtu hutoa ushuhuda mbele ya watu arobaini anaowajua kwa majina, watu hulia naye, humshika mabega, na maneno hubaki pale. Lakini siku hizi pale mbele kuna kamera juu ya miguu mitatu.

Sidi alitaja mzizi wake. Alisema kwamba mtoto wake wa kwanza, Mbeyu, alimzaa na mjomba wake mwenyewe, ndugu ya mamake, aliyemharibu yeye akiwa msichana wa miaka kumi na sita. Alisema Mbeyu hajui. Mbeyu ameambiwa babake alikufa kabla hajazaliwa. Alilitaja jina la mtoto kabisa, kwa sababu alidhani anazungumza na Mungu.

Wao wakaiweka kwenye chaneli ya kanisa. Wakaandika juu kwa herufi kubwa kwamba siri ya miaka kumi na sita imefichuka madhabahuni. Pale alipochanganya Kigiriama kwa kilio, wakatia tafsiri ya Kiswahili chini, asije mtazamaji akapitwa na neno. Halafu wengine wakaichukua kutoka hapo, wakaikata, wakaitia sauti za kucheka, ikaenda majuma mengi kabla Sidi mwenyewe hajaambiwa.

"Wataka tufanye nini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Mbeyu asiione," akasema. "Basi. Mimi wanicheke mpaka wachoke. Yuko shule ya bweni, hawana simu. Akifunga shule atakuja nyumbani, na nyumbani kila mtu ana simu."

Shule zilikuwa zinafungwa baada ya majuma matano.

Nilifanya nilichozoea. Nani aliyerekodi? Kanisa. Nikaenda kwa mchungaji mchana huo huo. Alinipokea vizuri, akaniletea soda, akasema, "Bwana asifiwe, mama. Hao wanaoiba video zetu ni wezi, nami wananikera kama wanavyomkera dada Sidi." Akakubali kutia sahihi malalamiko ya hakimiliki dhidi ya nakala zote. Ili malalamiko yawe na uzito, nikasema tutaambatisha na hati ya Sidi mwenyewe, kama mtu anayeonekana ndani ya video, athibitishe kwamba video asili ni ya kanisa. Nikafungua hati ya mfano, nikabadilisha majina. Kesho yake Sidi alipita ofisini, ana dakika chache tu kabla ya zamu ya mchana. Nikamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Akatia.

Sikumsomea. Naandika tena msije mkadhani mmesoma vibaya: sikumsomea.

Nakala zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine. Kila asubuhi Sidi alinipigia akiwa njiani kwenda kazini, nami nikamwambia leo mbili zimeondoka, leo moja. Juma la pili ikabaki moja tu, ile ya kanisa lenyewe, yenye watazamaji wengi kuliko zote. Nikarudi kwa mchungaji nikamwomba aiondoe na yeye. Safari hii soda haikuja.

"Mama," akasema, "ushuhuda ukishatolewa si wa aliyeutoa. Ni wa Bwana. Kuna wanawake wananiandikia kutoka mbali wanasema wamefunguliwa kwa sababu yake."

"Na mtoto aliyetajwa?"

"Tunamwombea."

Nilitoka pale nikarudi ofisini. Wakili wetu wa kujitolea akawaandikia barua ya kudai video iondolewe, akataja faragha, akamtaja mtoto, akataja sheria inayolinda taarifa za watu. Wakati huo huo tukapeleka kwa kampuni ya mtandao malalamiko ya faragha kwa jina la Sidi. Jibu la wakili wa kanisa lilikuja baada ya siku nne. Lilikuwa fupi, na nyuma yake palibanwa nakala ya hati ya Sidi, aya ya nne imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Wote wanaoonekana ndani ya video hii walirekodiwa kwa hiari yao. Sahihi ya Sidi ilikuwa chini, na pembeni muhuri wa ofisi yetu niliougonga mwenyewe. Kanisa lilikuwa limeipeleka nakala hiyo hiyo kwa kampuni ya mtandao, nao wakaandika kwamba wamelifunga suala.

Ningeweza kumlaumu wakili wao. Nilimlaumu, na bado namlaumu, maana alijua vizuri kabisa aya ile imetoka wapi, hakuna mtu anayelia namna ile kwa hiari. Ningeweza kuwalaumu wanaotengeneza fomu. Lakini mkono ulioandika aya ya nne ulikuwa wangu. Mpiga picha wa arusi aliitaka kwa sababu zake, nami kwa uvivu nikaiacha ikae pale, ikapita kwa kijana wa machimbo bila madhara, ikaja kumkamata Sidi.

Nilimwita nikampa ile barua aisome. Aliisoma polepole, kidole chini ya mstari.

"Hapa mimi nilisema hivi?"

"Hukusema. Niliandika mimi."

"Na sahihi ni yangu."

"Ni yako. Sikukusomea, mwanangu. Nisamehe."

Aliikunja barua, akaiweka mezani. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Kule walichukua maneno yangu. Hapa mkanipa yasiyo yangu. Nyinyi watu mwataka nini kwangu?"

Nawaambia nyinyi mnaobaki, mtatukanwa kazini, mtaitwa wala rushwa na vibaraka, na hayo yote yanapita. Hilo la Sidi halijapita.

Jioni nilikwenda kwa Bi Mwanajuma. Miguu yake haimbebi tena, lakini ulimi uko vile vile. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho.

"Hukumsomea," akasema.

"Sikumsomea, Bi."

"Miaka yote ile niliyokufundisha." Akaachia hapo, na afadhali angenipiga. Baadaye akasema, "Haya. Huyo mama ametia sahihi, wallahi hapo mumekwisha. Na mtoto je? Mtoto alitia sahihi wapi?"

Hakutia popote. Mbeyu hakuwepo kanisani, haonekani kwenye video, hakukubali chochote. Lakini jina lake limo. Asubuhi nikaandika malalamiko mapya kwa ajili ya mtoto, mzazi akiwa mlalamikaji. Watu wa kampuni ya mtandao wakanijibu kwamba mzazi huyu ana hati inayoonyesha alikubali, kwa hiyo hawezi kulalamika kwa niaba ya mtoto juu ya video hiyo hiyo. Na mtoto wa miaka kumi na tano kama Mbeyu anaruhusiwa kulalamika mwenyewe. Nililisoma jibu mara tatu. Ili video iondoke Mbeyu asiione, Mbeyu alilazimika kuja kujaza fomu kwamba jina lake limo. Na aliyefunga milango mingine yote alikuwa ni mimi na aya yangu.

Nilimweleza Sidi kwa simu. Safari hii nilimweleza vizuri, nikamwambia naye anirudishie. Akanirudishia kwa maneno haya: "Yaani nimwambie mimi, ama aambiwe na mtandao." Nikasema ndiyo. Akakata simu.

Shule zikafungwa. Siku ya pili ya likizo walikuja wote wawili, asubuhi, kabla sijafungua hata dirisha. Mbeyu ni mrefu kuliko mamake, amesuka nywele za likizo, ana namna ya kukaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Alinisalimu shikamoo, akajibu abee nilipomwita. Sidi macho yalikuwa yamevimba.

"Nimemwambia jana," akasema Sidi. "Yote. Tulikaa jikoni mpaka wali ukaungua. Hakusema kitu, alinishika tu mkono."

Nawaambia mapema msije mkasoma kwa kulitafuta hilo: video iliondolewa. Ilichukua siku kumi na moja. Kanisa liko pale pale na kamera iko pale pale. Nilikwisha kumwandikia mchungaji barua kwa jina langu binafsi, bila muhuri wa ofisi, na sikuchagua maneno. Hakujibu. Ile hati ya mfano niliifuta kwenye kompyuta zote, na kama kuna mmoja wenu bado ameihifadhi mahali, naomba aifute leo.

Lakini turudi asubuhi ile. Nilimsomea Mbeyu kila swali la fomu, yeye akajibu kwa sauti, nikaandika alichosema yeye, nikamsomea tena. Jina. Umri. Uhusiano wake na mtu anayezungumza kwenye video. Tulikwenda vizuri mpaka swali la sita, ambalo sikuwa nimelifikiria. Walitaka waelezwe dakika na sekunde hasa ambapo mlalamikaji anatajwa, la sivyo hawatalitazama.

Nikamgeuzia Mbeyu kiti. "Mwanangu, toka nje na mamako, mkanywe chai hapo kwa mama wa mahamri. Hiyo nitaitazama mimi niandike saa yake. Wewe usiitazame."

"Hakuna haja, mama," Mbeyu akasema. "Ni dakika ya kumi na moja, sekunde arobaini. Halafu tena dakika ya kumi na tatu, mwanzoni mwanzoni."

Sidi alimgeukia polepole.

"Wewe umejuaje?"

"Kuna dada wa kidato cha nne aliingia na simu. Walinionyesha tulipofungua shule tu, juma la kwanza."

Juma la kwanza. Kabla Sidi hajafika ofisini kwangu na viatu mkononi. Kabla ya mchungaji, kabla ya aya ya nne, kabla ya zile nakala tulizozihesabu kila asubuhi tukifurahi.

"Na jana?" Sidi akasema. "Jana nilipokuwa nakwambia, ulikuwa wajua? Ukaniacha niseme yote vile?"

Mbeyu alitazama mikono yake.

"Kule ulikuwa ukiwaambia watu," akasema. "Nilitaka uniambie mimi."